Tunu Binafsi za Viongozi wa Biashara na Uwajibikaji wa Kampuni kwa Jamii: Mifano kutoka Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa, Mkoani Ruvuma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna tunu binafsi za viongozi wa biashara zinavyoathiri uwajibikaji wa kampuni kwa jamii katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Hoja inayotetewa ni kwamba athari ya tunu hizo haionekani sana katika misaada, ambayo katika sekta kama ya madini sasa inaongozwa na sheria, bali katika maamuzi ya kila siku ya biashara yenyewe: mizani, siku ya malipo, vumbi la barabara, ukubwa wa tundu la wavu. Mifano imechukuliwa katika kahawa, umeme wa maji, uvuvi na makaa ya mawe.

1.0 Utangulizi

Katika taarifa nyingi za kampuni nchini Tanzania, sehemu ya uwajibikaji kwa jamii hujaa picha za madawati, mabati, vitanda vya zahanati, na hundi kubwa ya karatasi inayoshikwa na watu wawili wanaotabasamu. Msomaji wa taarifa hizo hupata kujua kampuni ilitoa nini. Ni nadra kujua nani aliamua kitolewe, kwa nini kikawa dawati na si kisima, na kwa nini kijiji hiki na si kile. Maswali hayo ndiyo yanayoirudisha mada kwa kiongozi mwenyewe, awe meneja wa mgodi, mwenyekiti wa chama cha ushirika, mkuu wa shirika la watawa linalozalisha umeme, au mwenye mtumbwi na nyavu zake.

Neno tunu limetumika hapa kwa maana ya jambo ambalo mtu analiona kuwa na thamani kiasi cha kulitumia kama kipimo anapolazimika kuchagua. Tunu si sawa na nia njema, kwa kuwa nia njema haimgharimu mtu chochote mpaka siku ya kuchagua. Vilevile tunu si lazima ziwe njema. Kupenda mamlaka ni tunu, na kuwapendelea ndugu ni tunu pia. Mjadala unaochukulia kwamba kiongozi mwenye tunu ni sawa na kiongozi mwema huwa umejifunga kabla ya kuanza.

2.0 Kiongozi katika nadharia

Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii ulianza kuandikwa kwa mapana kama uwajibikaji wa mtu. Kitabu cha Howard Bowen cha mwaka 1953, ambacho wataalamu wengi hukichukua kuwa chanzo cha uwanja huu, kilizungumzia wajibu wa mfanyabiashara. Kampuni kama mhusika ilikuja kushika nafasi ya mbele baadaye. Milton Friedman, katika makala yake ya mwaka 1970, alipinga vikali: meneja anayetumia fedha za wenye hisa kwa malengo ya kijamii anayoyapenda yeye anawatoza kodi bila kuchaguliwa na mtu. Pingamizi hilo husomwa mara nyingi kama hoja dhidi ya uwajibikaji wenyewe. Likisomwa kwa makini, ni ushahidi mzuri wa nguvu ya tunu binafsi: Friedman asingekuwa na haja ya kuonya kama mapenzi ya meneja yasingekuwa na uwezo wa kubadili matumizi ya fedha za kampuni.

Hambrick na Mason (1984) waliiweka hoja hiyo katika umbo la nadharia. Kwa maoni yao, kampuni kwa kiasi fulani ni taswira ya watu wanaoiongoza, kwa sababu mazingira ya biashara ni mapana mno kuonwa yote, na kila kiongozi huona sehemu ile ambayo malezi, elimu na tunu zake zimemzoesha kuiona. Miaka mitatu baadaye, Hambrick na Finkelstein (1987) waliongeza sharti ambalo tafiti nyingi hulisahau, nalo ni hiari ya maamuzi. Tunu za kiongozi huathiri matokeo pale tu anapokuwa na nafasi ya kuchagua. Palipo na sheria kali, bei iliyopangwa au bodi inayoamua kila kitu, kiongozi mkarimu na kiongozi bahili watafanya jambo lilelile. Hemingway na Maclagan (2004) nao walifuata mkondo huo walipohoji dhana kwamba uwajibikaji kwa jamii husukumwa na faida peke yake.

Shalom Schwartz (1992) anasaidia kuzitofautisha tunu zenyewe. Katika mpangilio wake wa tunu kumi, hisani kwa watu wa karibu na kujali watu wote pamoja na maumbile huwekwa jirani, zikiwa kinyume cha mamlaka na mafanikio binafsi. Hata hivyo, si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa na hisani kubwa kwa ukoo wake na asione lolote linalomhusu katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto. Kwa mazingira ya Ruvuma, tofauti hiyo ndiyo yenye kueleza mengi zaidi, na itarejewa.

Wayne Visser (2006), akichunguza Afrika, alipendekeza kwamba ile piramidi ya Carroll ya mwaka 1991, yenye uchumi chini, kisha sheria, kisha maadili na juu kabisa ufadhili, hapa hupangika tofauti: ufadhili hushuka na kukaa juu tu ya uchumi, mbele ya sheria na maadili. Mifano ya Kitanzania inayofahamika zaidi inaafikiana naye. Reginald Mengi, mwanzilishi wa kampuni za IPP aliyefariki mwaka 2019, alijulikana kwa upandaji miti mkoani Kilimanjaro alikozaliwa na kwa chakula cha kila mwaka alichowaandalia watu wenye ulemavu. Mohammed Dewji aliahidi hadharani mwaka 2016 kutoa angalau nusu ya mali yake. Hawa ni wamiliki, na hiari yao ni pana, kwa kuwa anayeamua ndiye mwenye mali. Viongozi wa biashara wa Mbinga kwa sehemu kubwa si wa namna hiyo. Wengine wameajiriwa, wengine wamechaguliwa na wanachama, wengine wamefunga nadhiri. Kumsoma meneja wa Mbinga kwa miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya tajiri wa Dar es Salaam ni kutafuta ufadhili mahali ambapo mtu huyo hana uwezo wa kufadhili, na kuacha kutazama mahali alipo na uwezo.

3.0 Ngoro, sengu na masharti ya uongozi

Wamatengo wa milima ya Mbinga wanafahamika kwa kilimo cha ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatizana hadi mteremko mzima uwe na miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Kinachobaki ni mashimo yanayokinga maji ya mvua yasiporomoke na udongo. Wataalamu wa kilimo wameyasifu mashimo hayo kwa kutunza rutuba. Kwa mada hii, la maana zaidi ni jambo la kijirani: mteremko unaolimwa vibaya juu humharibia aliye chini. Anayelima ngoro hamletei jirani yake wa bondeni zawadi baada ya mafuriko. Wajibu wake kwa jirani umo ndani ya namna anavyolima.

Taasisi ya pili ni sengu. Katika mfumo huo wanaume wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, chakula kikaletwa kutoka majiko mbalimbali na kuliwa pamoja, kisha yakazungumzwa mashauri ya ardhi, ndoa, ugomvi na malezi ya vijana. Aliyekuwa na kidogo alikula sawa na aliyekuwa na kingi, bila kuomba. Desturi hiyo ilififia baada ya Uhuru, lakini jina lake halikupotea. Mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo uliofanyika kwa ushirikiano na Japani katika kijiji cha Kindimba, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati ya wanakijiji iliyosimamia shughuli ikachukua jina la sengu. Mashine ya kusaga ni biashara. Kwamba wanakijiji waliona inafaa isimamiwe kwa jina la meza ya pamoja ni jambo lenye uzito kwa mtafiti wa tunu, ingawa haipasi kulitia chumvi: sengu ya zamani ilikuwa ya wanaume na ya ukoo, na mipaka yake ilikuwa mipaka ya hisani yake.

Tunu za viongozi zilijadiliwa pia kitaifa, tena kwa uwazi ambao mataifa mengi hayakuuthubutu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo badala ya kukataza mali inataka itangazwe. Viongozi wengi wa biashara waliozidi umri wa miaka hamsini wameishi katika vipindi vyote hivyo. Walifundishwa shuleni kwamba faida ya mtu mmoja ni jambo la kutiliwa shaka, kisha wakakabidhiwa kazi ya kuitafuta. Mtafiti anayetumia dodoso lililotungwa kwingine bila kuligusa hilo atapata majibu, lakini hatajua yanatoka wapi.

4.0 Kahawa: kati ya malipo ya awali na malipo ya pili

Kahawa aina ya arabika ilianza kulimwa Umatengo katika miaka ya 1920. Ushirika ulifuata. Chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa kifupi kama NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936 kwa msukumo wa tumbaku. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Mbinga ikaja kuwa na chama kikuu chake, MBICU. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawa mafungu ya mauzo ya kahawa uliporomoka na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, na MBICU, kilichokuwa na madeni, kikashindwa kuendelea. Mkulima aliyekuwa akipata mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama alibaki bila njia ya kuzipata.

Kipindi kilichofuata ni maabara ya asili kwa mada hii. Wanunuzi binafsi na mawakala wao walikuwa na hiari pana mno. Bei ilikuwa ya kukubaliana, mizani ilikuwa ya mnunuzi, na mkulima aliyehitaji ada ya shule mwezi Januari hakuwa na cha kuuza hadi mavuno ya katikati ya mwaka. Hapo ndipo palipostawi mtindo unaoitwa magoma Mbinga, na ambao Kagera huitwa butura: mwenye fedha humkopesha mkulima, naye hulipwa kwa kahawa wakati wa mavuno kwa kiwango kilichokubaliwa mkulima akiwa na shida. Mtu mmoja anaweza kuendesha magoma mwezi Februari na kuchangia ujenzi wa kanisa mwezi Agosti kwa moyo mweupe kabisa. Wala si unafiki. Tunu zake zimeweka mpaka mahali fulani: upande mmoja kuna biashara, ambako bei ni bei, na upande mwingine kuna jamii, ambako mtu hutoa. Kinachomtofautisha na mfanyabiashara mwingine si kiasi cha mchango wake, bali mahali alipouweka mpaka huo. Yupo anayeona kwamba deni la mkulima wa Januari lenyewe ni suala la jamii.

Kuanzia msimu wa 2018/2019 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe kupitia vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS. Hiari ya mnunuzi binafsi mbele ya mkulima ilipungua sana, na hiari ya viongozi wa AMCOS ikapanuka. Mkulima hukabidhi kahawa, hupata malipo ya awali, na baada ya mnada hupata malipo ya pili baada ya makato. Kati ya malipo hayo mawili kuna wiki au miezi, na katika nafasi hiyo viongozi wa chama huamua mambo mengi yasiyoandikwa katika ripoti yoyote ya uwajibikaji kwa jamii: kusoma hesabu mbele ya wanachama au kubandika karatasi moja ukutani, kumkata mjane deni lote mara moja au kuligawa kwa misimu miwili, kupima upya gunia lenye utata au kumfukuza mwenye gunia.

Tangu mwaka 1995 harakati za ushirika duniani zimeitambua kuijali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika. Katika AMCOS ya kijijini, msingi huo huelekea kueleweka kama mchango wa darasa au zahanati. Makala hii inaona kwamba uelewa huo ni finyu. Darasa linalojengwa kwa makato ambayo wanachama hawakuelezwa ni fedha ya wanachama iliyotumika kwa tunu za viongozi, na hapa onyo la Friedman, lililoandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa za Marekani, linafaa zaidi kuliko alivyotarajia mwandishi wake. Tena, hisani kwa watu wa karibu inaweza kukiangusha chama. Kiongozi anayemwachia shemeji yake deni la pembejeo hafanyi hivyo kwa kukosa tunu, bali kwa kuwa na tunu yenye nguvu na duara dogo.

5.0 Umeme wa watawa

Mfano unaofuata uko nje kidogo ya Mbinga, Chipole, kusini mwa mji wa Songea, lakini matokeo yake yalifika Mbinga. Mwaka 2015 Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walianza kuzalisha umeme wa megawati 5 katika mtambo wa Tulila, kwenye Mto Ruvuma, na kuuuza kwa TANESCO. Wakati huo gridi ya Taifa ilikuwa haijafika Songea. Ilifika mwaka 2018 kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Hadi hapo eneo hilo lilitegemea majenereta ya dizeli. Katika Wilaya ya Mbinga yenyewe, mradi mdogo wa Mbangamao, ulioanzishwa na mwekezaji binafsi, nao uliingiza umeme wa maji katika mtandao wa TANESCO katika kipindi hichohicho.

Miradi hii miwili inafaa kuwekwa pamoja. Yote huuza kwa mnunuzi mmoja, kwa mikataba ya aina moja, kwa bei inayosimamiwa na EWURA. Kwa upande wa bei, hiari ya kiongozi ni ndogo sana. Kwa hiyo anayetafuta athari ya tunu atazame mahali pengine, hasa uamuzi wa kuanza na matumizi ya mapato. Kwa shirika la watawa linaloendesha shughuli za elimu, afya na malezi ya yatima, faida haina mwenye hisa wa kugawiwa. Huduma zilizotangulia biashara ndizo zinazoipa biashara sababu ya kuwapo. Katika kampuni ya kawaida mpangilio ni kinyume: biashara hutangulia, na huduma hutegemea ziada.

Liko jambo jingine ambalo nadharia ya Hambrick na Mason hailielezi vizuri. Mkuu wa shirika hubadilika, lakini kanuni ya Mtakatifu Benedikto haibadiliki naye. Tunu zinazoongoza ni za kiongozi kwa maana ya kwamba amezikubali kwa nadhiri, wala si zake kwa maana ya kwamba amezibuni. Kwa jamii inayozunguka mradi, tofauti hiyo ni kubwa kwa vitendo. Msaada unaotokana na moyo wa meneja mmoja huhama siku meneja anapohamishwa. Hapa pia tahadhari inahitajika: kudumu kwa tunu si sawa na kusikiliza. Taasisi yenye kanuni imara inaweza kuwa na uhakika mkubwa kuhusu mahitaji ya jirani zake kabla haijawauliza.

6.0 Mwambao: biashara isiyo na idara ya uhusiano

Kutoka milimani barabara ya lami inashuka hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Huku mwambaoni, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, biashara kubwa ya wenyeji ni samaki, hasa usipa wanaovuliwa usiku kwa taa na kukaushwa ufukweni. Mwenye chombo na nyavu ni kiongozi wa biashara kwa kila maana ya neno hilo, ingawa hatapatikana katika orodha ya mtafiti anayeanza na kampuni zilizosajiliwa.

Uamuzi wake mzito ni wa wavu. Kokoro linakokota kila kitu hadi vifaranga, nalo limekatazwa na kanuni za uvuvi. Lakini askari wa doria hawezi kuwapo kila ufukwe kila usiku, na kwa hiyo hiari ya mwenye chombo ni pana kuliko sheria inavyosema. Hapo tofauti ya Schwartz inajionyesha wazi. Hisani kwa watu wa karibu inaweza kumsukuma kutumia kokoro: vibarua wake wana familia, na leo hakuna samaki. Kujali watu wote na maumbile kunamzuia. Ziwa lenyewe ni la nchi tatu, na samaki aliyeachwa leo Liuli huenda akavuliwa kesho Malawi au Msumbiji. Kumtaka mwenye chombo ajizuie kwa ajili ya mvuvi asiyemjua ni kumtaka apanue duara lake hadi ng'ambo ya maji. Wapo wanaofanya hivyo, lakini ni vigumu kwa mtu mmoja kuvumilia peke yake akimwona jirani akijaza mtumbwi. Ndiyo maana vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vina umuhimu: vinampunguzia mwenye tunu gharama ya kuwa nazo.

7.0 Makaa ya mawe: sheria ilipoichukua zawadi

Mgodi wa Ngaka uko katika kata ya Ruanda, Wilaya ya Mbinga, na kijiji kilicho jirani zaidi ni Ntunduwaro. Kampuni ya TANCOAL iliundwa mwaka 2008 kwa ubia kati ya kampuni ya Kiaustralia, Intra Energy, iliyokuwa na asilimia 70, na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lililokuwa na asilimia 30. Uchimbaji ulianza mwaka 2011. Mahitaji yaliongezeka baada ya Serikali kuzuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, kwa kuwa viwanda vya saruji vililazimika kununua ndani, na yakaongezeka tena kutokana na soko la nje katika miaka ya karibuni.

Hadi mwaka 2017, meneja wa mgodi popote Tanzania aliweza kuchagua atoe nini, wapi na lini. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka huo, katika kifungu cha 105, yalibadili hali hiyo. Mwenye leseni anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii kwa makubaliano na mamlaka ya serikali za mitaa, ukizingatia mazingira, jamii, uchumi na utamaduni na kufuata vipaumbele vya jamii husika. Halmashauri inaujadili, inauidhinisha na kusimamia utekelezaji. Kanuni za mwaka 2023 zimefafanua zaidi utaratibu huo. Mpango huu hauchukui nafasi ya ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi, na unaolipwa kwa halmashauri kwa sheria nyingine.

Inaweza kudhaniwa kwamba tangu hapo tunu binafsi za meneja hazina tena nafasi. Ukweli ni kwamba zimehamishwa. Sheria imeichukua zawadi, na kwa sehemu imeikabidhi kwa tunu za watu wengine, yaani madiwani na wakuu wa idara, ambao nao wana vijiji vyao na duara zao. Kilichobaki mikononi mwa meneja ni uchimbaji wenyewe: magari yapite kijijini saa ngapi, barabara ya vumbi imwagiwe maji mara ngapi kwa siku, maji ya shimoni yaelekezwe wapi wakati wa masika, kijana wa Ntunduwaro ajifunze kuendesha mtambo au aishie kulinda geti, na malalamiko ya mama mwenye shamba la mihogo yapokelewe na nani. Sheria za mazingira na kazi zinaweka kiwango cha chini katika mengi ya hayo. Juu ya kiwango hicho kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kijiji hupata au hukosa kuheshimiwa. Katika lugha ya ngoro, swali ni namna mteremko unavyolimwa.

Jambo hili lina athari kwa mbinu za utafiti. Tafiti zinazomuuliza meneja kuhusu misaada, kisha zikalinganisha majibu yake na dodoso la tunu, zinapima kitu ambacho sheria imekwisha kukiondoa katika hiari yake. Isitoshe, mtu anayeulizwa na mgeni kutoka chuo kikuu kama anajali jamii atajibu kwamba anajali. Adabu inamtaka ajibu hivyo. Njia yenye manufaa zaidi ni kutafuta matukio ya gharama, yaani nyakati ambapo kulikuwa na njia mbili halali, moja ikiwa nafuu kwa kampuni na nyingine nafuu kwa jirani, kisha kuuliza ni ipi iliyofuatwa na kwa sababu gani zilizotolewa wakati huo. Kumbukumbu za mikutano ya kijiji, daftari la malalamiko la mgodi na daftari la mizani la AMCOS vina ushahidi wa namna hiyo kuliko taarifa ya mwaka yenye picha. Mahojiano na watu walioathiriwa na uamuzi yanapaswa kutangulia mahojiano na aliyeufanya, ili mtafiti asiingie ofisini akiwa na orodha ya misaada peke yake.

Hata njia hiyo ina mahali isipofika, nako ni kwenye muda. Mpango wa kifungu cha 105 ni wa mwaka mmoja. Mkataba wa meneja kwa kawaida ni wa miaka michache, na diwani ana miaka mitano. Mbuni uliopandwa na mkulima wa jirani huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa na unaweza kuzaa kwa miongo kadhaa, na shimo la makaa lililoachwa wazi litadumu kuliko wote. Sheria inadai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya kuutekeleza, lakini uamuzi wa kurudisha udongo wa juu hatua kwa hatua uchimbaji ukiendelea, badala ya kusubiri mwisho, ni gharama ya leo kwa faida ambayo meneja wa leo hatakuwapo kuiona, na ambayo haitaingia katika mpango wowote wa mwaka. Mtafiti atakayefika Ntunduwaro anaweza kuanzia hapo: aulize udongo wa juu umewekwa wapi, nani aliagiza uwekwe hapo, na kama jina lake bado linakumbukwa kijijini.